Kaja na bega lililoganda, kumbe shida kubwa ilikuwa sukari: kisa kimoja cha fizio na kinga ya mwili

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu wa fizio, yani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwa yeyote anayedhani sisi kazi yetu ni kukanda migongo na kuvuta miguu basi. Vitu kadhaa vya mgonjwa nimevibadilisha ili asijulikane na sehemu nyingine nimechanganya na wagonjwa wengine wa aina yake, ila mtiririko ndo huu huu tunaouona kliniki kila leo.

Mama wa miaka 47, mhasibu, yani mtu wa kiti na kompyuta kutoka asubuhi mpaka jioni. Barua aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja tu, maumivu ya bega la kulia miezi minne, afanyiwe mazoezi. Kuchana nywele shida, kufunga sidiria kwa nyuma alishaacha kujaribu, anaifunga mbele afu anaizungusha, na akilalia ule upande anaamka analia. Eksirei ilikuwa safi. Nikambana kiwiko ubavuni, nimekikunja, nikaanza kuuzungusha mkono kwenda nje taratibu, ukafika kama digrii 15 ukagota. Akizungusha mwenyewe, pale pale. Nikimzungushia mimi, pale pale. Sasa hiyo ndo dalili yenyewe ya bega kuganda, maana kama shida ingekuwa msuli, mara nyingi mtu mwenyewe anashindwa ila wewe ukimsaidia mkono unaenda.

Hapo mtu angeweza kabisa kumpa mazoezi ya bega, akamwambia arudi wiki ijayo, na asingekuwa amekosea kitu kwenye karatasi. Ila bega la hivi lina watu wake. Linawapata sana watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume, na linawapenda mno wenye kisukari na wenye matatizo ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Mwenye kisukari uwezekano wake wa kupata bega hili ni mara kadhaa ya mtu mwingine, na kuna watu bega ndo linatangulia, sukari inakuja kugundulika baadaye. Kwa hiyo ukiona bega limeganda lenyewe bila mtu kuanguka wala kufanyiwa upasuaji, maswali yako yasiishie begani.

Nikaanza kumuuliza mambo mengine, akanitazama kwa mshangao. "Daktari, mimi nimekuja kwa ajili ya bega, haya ya mafua na usingizi yanahusianaje?" Nikamwambia kwanza mimi siyo daktari dada yangu, mimi ni fizio, afu nivumilie dakika kumi tu. Yakaanza kutoka. Mafua hayamwishi, akipona wiki mbili anaanza tena. Jipu la kwapani lilishamrudia mara ya tatu mwaka ule. Fangasi za sehemu za siri zinaenda zinarudi, amejinunulia dawa mwenyewe mpaka amechoka. Kwenye ugoko alikuwa na kidonda kidogo, alijigonga kwenye kona ya meza, wiki ya sita kile kidonda bado kiko wazi, na alikuwa amekifunika na soksi wala hakuona kama ni kitu cha kumwonyesha mtu wa bega. Usiku anaamka kukojoa mara tatu. Nikamuuliza na kiu je, akasema kiu ipo sana ila yeye alifurahia maana alisoma kwamba kunywa maji mengi ni afya.

Na kwenye pochi alikuwa na vidonge vyake vya kuongeza kinga. Vitamini C ya dozi kubwa, na kopo lingine lenye maneno mengi kuliko dawa.

Hivi vidonge niviongelee kidogo maana ndo swali la kila siku. Vitamini C imechunguzwa miaka na miaka, na mapitio makubwa ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba kwa mtu wa kawaida kuimeza kila siku hakumzuii kupata mafua, kinachopatikana ni mafua kufupika kidogo tu, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Waliofaidika kweli walikuwa watu wa mateso, wakimbiaji wa marathoni, wanajeshi na watelezaji wa theluji kwenye baridi kali. Mhasibu wa kwenye kiti hayumo. Sikumkataza, havimdhuru sana, ila nilimwambia ukweli kwamba hela yake inafanya kazi ndogo sana pale. Na mimi binafsi hilo neno kuboosti kinga linanikera, kinga siyo kitu unataka kiwe juu tu muda wote, kuna magonjwa mazima yanayotokana na kinga kuwaka kupita kiasi. Unachotaka ni ifanye kazi yake afu itulie.

Nikamwandikia barua ya kumrudisha kwa daktari. Sikuandika kwamba ana kisukari, hiyo siyo kazi yangu kutamka, niliandika nilichokiona: bega limeganda bila sababu, maambukizi ya kujirudia, kidonda kisichofunga wiki sita, kiu, kukojoa usiku, naomba apimwe sukari na thairoidi. Barua yenye vitu vya kuonekana inasomwa, barua inayosema "mgonjwa ana kinga ndogo" inatupwa. Na kama angekuwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au kupungua uzito, au jasho la usiku, ningeandika na hayo na ningemwambia asingoje, maana hayo yana orodha yake nyingine ya vipimo.

Majibu: sukari ya asubuhi kabla hajala kitu 9.4 mmol/L, wakati mpaka wa kuitwa kisukari ni 7.0. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, asilimia 8.1, mpaka ni 6.5. Thairoidi nzuri. Daktari akamwanzishia metfomini, vidonge vya kushusha sukari, kidonda kikaanza kusafishwa inavyotakiwa.

Kuna kitu kimoja hapa watu wanakipita haraka. Yule mama alikuwa tayari ameahidiwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, begani kama mazoezi yasingesaidia. Ni tiba halali kabisa, kwa bega lililoganda inapunguza maumivu hasa miezi ya mwanzo. Ila ile steroidi haibaki yote begani, nyingine inaingia kwenye damu na kwa mwenye kisukari inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Sasa piga picha mtu ambaye hajui kama ana sukari, iko juu tayari, ana kidonda wazi, afu anachomwa. Baada ya kujulikana, sindano ilibaki kuwa chaguo, ila sasa na daktari anayejua anachofanya na mgonjwa anayejua apime sukari siku zile.

Kwa nini sukari ikipanda kinga inayumba? Zile chembe nyeupe za mstari wa mbele, neutrofili, zinakuwa nzito kufika penye vijidudu na zikifika haziviui vizuri. Mishipa midogo ya damu inaharibika kwa hiyo hata msaada ukitumwa haufiki kwenye ugoko kwa wakati. Fangasi nao wanapenda sukari. Juu ya hapo mafuta ya tumboni yanayozunguka viungo vya ndani yanamwaga kemikali za inflamesheni muda wote, moto mdogo usiozimika, na mwili wenye moto huo unajibu ovyo ukiletewa adui wa kweli. Ndo maana nasema majipu, fangasi, mafua na bega vilikuwa hadithi moja, sema kila kimoja kilikuwa kinapelekwa dirisha lake.

Sasa fizio anaingiaje? Wenzangu wengine wananiambia sisi tunalipwa kwa bega, hayo mengine yana wenyewe. Mimi nawajibu hivi: daktari anamwona huyu mama dakika chache kila baada ya miezi kadhaa, mimi namwona nusu saa au zaidi, wiki baada ya wiki, nimeshika mkono wake na hana pa kwenda, tunaongea. Hakuna mtu mwingine kwenye hospitali mwenye muda huo na mgonjwa aliye macho. Na halafu dawa kubwa ya shida yake, baada ya vidonge, ni kujongea, na kupima dozi ya kujongea ndo kitu tulichosomea. Asipopewa na sisi atapewa na video za mtandaoni.

Tulianza na usingizi, siyo mazoezi. Usiku mzima alikuwa anapata usingizi wa saa nne tu, zikizidi tano, kwa sababu ya bega. Kuna utafiti wa 2015 wa Marekani, watu 164 wazima wa afya walivalishwa kifaa cha kupima usingizi kwa wiki nzima, afu wakawekewa virusi vya mafua puani kwa matone na kufungiwa hotelini kuangaliwa. Waliolala chini ya saa 5 walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 4.5 ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Kwa hiyo mtu anayemaliza pesa kwenye makopo ya kinga huku anapata usingizi wa saa nne tu anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na usingizi wa mtu wa bega ni kazi ya fizio moja kwa moja, haihitaji semina. Nilimlaza kitandani palepale kliniki tukatafuta mkao. Alalie ubavu wa kushoto, mto mmoja mnene aukumbatie kifuani, mkono wa kulia uje mbele uegemee ule mto kuanzia kiwiko mpaka kiganja, usining'inie kuvuka kifua, maana ukining'inia ndo kifuko cha bega kinavutwa na maumivu yanaanza saa nane usiku. Akilala chali, taulo lililokunjwa chini ya mkono wa juu ili kiwiko kisidondoke nyuma ya mstari wa mwili. Maji ya moto begani dakika kumi na tano kabla ya kulala, na dawa ya maumivu aliyoandikiwa aimeze jioni siyo mchana. Ndani ya wiki mbili alikuwa anapata usingizi wa saa sita na nusu, na ilisaidia pia kwamba sukari ilivyoanza kushuka ule ukojoaji wa usiku nao ukapungua.

Kujongea kukafuata. Nilimpima kukaa na kusimama kwenye kiti sekunde 30 bila kutumia mikono, akapata 10. Kwa taarifa yako, kwa mwanamke wa miaka 60 mpaka 64, chini ya 12 inahesabiwa ni pungufu. Yeye ana 47. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa majibu ya sukari, mtu namba ya maabara anaisikia tu, ila mapaja yake mwenyewe yakitetemeka anaelewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unajulikana, dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Ukimtupia mtu hiyo namba siku ya kwanza umempoteza. Kitu kizuri cha mwongozo ule ni kwamba waliondoa lile sharti la zamani la lazima dakika kumi mfululizo, kila dakika inahesabika, na hiyo ndo niliyoitumia. Tukaanza dakika 10 za kutembea baada ya kila mlo, kwa sababu msuli unaofanya kazi unavuta sukari kwenye damu wenyewe hata insulini, homoni ya kushusha sukari, ikiwa haielewani na mwili, na baada ya kula ndo sukari inapanda. Kasi: aweze kuongea ila asiweze kuimba. Kazini kila nusu saa asimame kidogo, na simu zote azipokee amesimama, hiyo alibuni mwenyewe. Mazoezi ya nguvu yakaja baadaye, miguu kwanza maana ndo kwenye misuli mikubwa, na mkono mzima wa kushoto, wa kulia ukiendelea na mazoezi yake ya kusukumwa kwa fimbo na kuning'inizwa ndani ya kiwango cha maumivu anayoyavumilia. Bega lililoganda likiwa kwenye kipindi cha maumivu ukilivuta kwa nguvu unalikasirisha tu, nimeona watu wametoka kwa wakandaji wamevimba.

Kabla ya kumwambia atembee nilimvua soksi. Hili nalisisitiza. Mwenye kisukari usimpe programu ya kutembea hujaona nyayo zake, nikapima hisia kwa kile kiuzi cha nailoni kinachobonyeza ngozi kwa nguvu ya gramu 10, nikaangalia katikati ya vidole, na viatu vya ofisini tukaviacha kwa ajili ya ofisini. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka mtu aanguke, ila ingekuwa insulini au zile dawa zinazolazimisha kongosho kutoa insulini ningemwambia asitoke bila kitu cha sukari mfukoni.

Wiki ya tatu akagoma. Hakusema amegoma, alisema kazi nyingi, mwisho wa mwezi, mahesabu. Hapo wengi tunatoa hotuba. Mimi nikamuuliza, kuanzia 0 mpaka 10, kutembea huku kuna umuhimu gani kwako? Akasema 4. Swali la kawaida ni kwa nini siyo 9, na mtu akiulizwa hivyo anaanza kujitetea. Nikauliza kinyume, kwa nini siyo 1? Akakaa kimya afu akasema mama yake mzazi alikatwa mguu. Kwenye fomu alikuwa ameandika hakuna ugonjwa wowote kwenye familia. Sikumwongezea neno, nikamwacha aongee na yeye ndo alipanga upya, atatembea asubuhi kabla ya kazi na jioni, mchana haiwezekani tuache kudanganyana. Sawa kabisa, mpango mdogo unaofanyika.

Kuhusu mazoezi na kinga kwenyewe nisije nikaonekana nauza miujiza. Ukijongea kwa dakika kadhaa chembe za ulinzi, hasa zile zinazoua seli zilizoingiliwa na virusi, zinamwagika kwenye damu kwa wingi, afu zinapungua saa moja mbili baadaye. Zamani watu walisema huo upungufu ni dirisha wazi la kuugua, siku hizi wataalamu wengi wanaona ni zimehamia kwenye tishu kufanya doria, ingawa ubishi haujaisha. Misuli nayo ikifanya kazi inatoa kemikali zinazotuliza ule moto wa inflamesheni. Na kuna utafiti wa 2011, watu 1,002 wakafuatiliwa wiki 12, waliofanya mazoezi siku 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na siku za mafua pungufu kwa asilimia 43 ukilinganisha na wasiojongea. Namba tamu, ila ni utafiti wa kufuatilia, anayejongea siku tano pengine analala vizuri na anakula vizuri pia. Mimi kwa mgonjwa nasema inaelekea inasaidia, sisemi inakukinga.

Ndani ya kipindi hicho mafua yalimpata mara moja, akapiga simu kuuliza aendelee ama aache. Kanuni ninayotumia ni ya shingo, dalili ziko juu yake ama chini yake: kama ni pua na koo kukwaruza kidogo, tembea taratibu ukijisikia, kama kuna homa, kifua, mwili kuuma au moyo kwenda mbio, pumzika kabisa mpaka homa iishe na urudi kidogo kidogo. Kulazimisha mazoezi na homa kunaweza kumletea mtu shida ya misuli ya moyo, siyo ushujaa. Na mtu ambaye kila akijitahidi anaanguka siku mbili kitandani, kama baadhi ya waliobaki na dalili ndefu za Uviko, huyo dozi ya kuongeza kila wiki inamuumiza, anahitaji mpango mwingine.

Mambo ya chakula nilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe. Chanjo ya mafua nikamkumbusha amuulize daktari wake, maana mwenye kisukari yumo kwenye wanaoshauriwa kuichoma. Kuuliza na kusukuma mtu mlango sahihi ni nusu ya kazi hii.

Baada ya miezi mitatu: HbA1c 6.9, kukaa na kusimama 15, kidonda kilishafunga zamani, jipu halijarudi, fangasi hazijarudi, anatembea kama dakika 140 kwa wiki. Digrii 15 za bega zimekuwa 40, sidiria bado anaifunga mbele. Nani alifanya nini hapo? Metfomini imefanya sehemu kubwa ya sukari, sina shaka, na mafua yana misimu, miezi mitatu haitoshi kumtangaza kapona. Ila kuna kitu hakiwezi kusemwa ni cha kidonge: usingizi, mapaja, na ule uamuzi wa kuvaa raba saa kumi na mbili asubuhi.

Bega kwa mwenye kisukari huchelewa kuachia, linaweza kwenda mwaka na zaidi, nimemwambia hivyo wazi ili asikate tamaa mwezi wa sita. Na kila akija siku hizi nampima na la kushoto, maana kwa wenye sukari upande wa pili nao huwa na tabia ya kufuata, wiki iliyopita lilizunguka mpaka digrii 70 bila kulalamika.